Udhuru wa Saumu, Udhuru wa Sigara

Merti, 11 Februari 2025

Abaayo Saadia, dada yangu,

Asalaam aleikum. Huku tuko wazima, alhamdulillahi. Umulkheir anakusalimu. Huu ni mwezi wa tano tangu nimwoe na bado hajazoea vumbi la Merti, kila saa anafagia. Lori limepata springi mpya. Mto umepungua mpaka mbuzi wanauvuka bila kulowa tumbo.

Binti yako Ikra alifika salama na ameanza kwenda shule hapa. Anakohoa kidogo tu.

Sasa nikuambie kitu. Siku ile nilipokuja Bulla Pesa nikasema nampeleka mtoto wiki mbili abadilishe hewa, pumu yake itulie, sikukwambia yote. Nilikuwa nimeingia kwenye banda lako la maziwa kutafuta maji ya kutawadha. Nikainua mtungi. Chini yake nikakuta pakiti ya sigara na kiberiti. Saadia! Binti wa marehemu baba yetu, mama wa mtoto mwenye pumu!

Najua utasema na mimi navuta. Mimi ni mwanaume, navuta nje, watu wananiona. Mwanamke akivuta, ukoo mzima unanuka.

Lakini mimi si mtu mbaya. Ramadhani inakuja. Mwezi ukionekana, wewe na mimi tuache pamoja. Siku thelathini. Ukizimaliza, Ikra anarudi kwako siku ya Idd na mimi mwenyewe nitamleta. Baba yake, Abdinajib, hatajua, wala wazee. Ukishindwa, anabaki hapa.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu Umulkheir huishika. Roba, dereva wangu, ndiye atakuwa akileta na kuchukua. Ukishasoma choma.

Nduguyo anayekutakia heri,
Guled


Isiolo, Bulla Pesa, 20 Februari 2025

Aboowe Guled,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, nyumba ni kimya. Msalimie Umulkheir, mwambie vumbi la Merti lilimshinda hata marehemu mama. Maziwa ya ngamia yamepungua, wenye ngamia wamesogea mbali, lakini wanawake wa soko tunajikaza.

Barua yako niliisoma nikakaa chini. Kwa hiyo wiki mbili zilikuwa za uongo. Ungeniambia hapo hapo bandani, tugombane kama ndugu. Wewe ukanywa chai yangu, ukamshika mtoto mkono, ukaenda.

Haya, nimewahi kuvuta mbele ya Ikra? Sijawahi. Unajua kazi yangu. Kila asubuhi nafukiza mitungi kwa kuni za mgunga ili maziwa yasiharibike. Nimekaa katika moshi miaka kumi na miwili. Mwaka ule Abdinajib aliponipa talaka, niliwasha sigara ya kwanza kwa kaa la mgunga, na nani angejua? Mwenye kufukiza hunuka moshi, hakuna wa kumwuliza ni moshi gani. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sijitetei, nakueleza.

Nakubali siku zako thelathini. Si kwa sababu ya ukoo kunuka. Ni kwa sababu nataka mtoto wangu. Nimejiandikisha na kikundi cha wanaoacha sigara, kiko kwenye zahanati moja huku Wabera. Anayekiongoza ni nesi Mmeru, Sista Gaceri, hana maneno mengi na hacheki na mtu.

Inhela ya Ikra, ile ya bluu, apulize mara mbili tu akibanwa, na asilale karibu na mkaa. Inhela moja kwangu humaliza miezi sita. Ukiona inakwisha haraka, jua kuna kitu ndani ya nyumba.

Barua yako nimeitia motoni, chini ya mtungi.

Mimi Saadia, dada yako hata ukichukia


Merti, 10 Machi 2025

Abaayo,

Salaam nyingi na Ramadhani karim. Huku jua ni kali lakini saumu inakwenda. Umulkheir amejifunza kupika sambusa, nyingine zinapasuka, tunakula hivyo hivyo.

Wiki nzima sijagusa sigara, mchana wala baada ya futari! Madereva wenzangu wananishangaa. Siku mbili za kwanza kichwa kilinipasuka, halafu basi. Ni kuamua tu. Mtu akiamua, ameamua. Ninyi wanawake mnasumbuliwa na mawazo mengi.

Ikra amehifadhi sura mbili mpya. Anauliza Idd ni lini.

Kaza moyo.
Guled


Isiolo, 20 Machi 2025

Aboowe,

Asalaam aleikum. Nimefurahi kwa habari za Ikra, mwambie hooyo wake amesikia hizo sura mbili mpaka huku. Jirani yangu Habsa amejifungua pacha, wote wa kike.

Sitakudanganya. Ningeweza, hungejua. Lakini nilifunga na Mungu ananiona, kwa hiyo nasema. Siku kumi na mbili sikuvuta. Ya kumi na tatu nilipata udhuru, sikuwa nikifunga. Unaelewa. Siku zote zile saumu ndiyo iliyokuwa ukuta wangu, na siku ile ukuta haukuwepo. Nikawa bandani, mkaa unawaka. Nikajishika. Siku ya tatu ya udhuru nikavuta mbili. Siku iliyofuata moja.

Nikaenda kwa Sista Gaceri nikalia kama mtoto. Hakunikemea. Akaniuliza tarehe, akachukua kalenda ya ukutani, akaniambia mwili wa mwanamke una mwezi wake wa ndani, na ndani ya mwezi ule kuna siku ambazo kuacha ni kupanda mlima na kuna siku ni tambarare. Mengine aliyoyasema siwezi kumwandikia kaka yangu.

Tangu hapo sijavuta. Nikitwaharika nitaendelea na saumu, na siku saba nitazilipa baada ya Idd kama kila mwanamke. Mungu mwenyewe amekubali siku zangu nizilipe baadaye. Na wewe kubali. Niletee Ikra.

Naingoja Idd,
Saadia


Merti, 8 Aprili 2025

Saadia,

Salaam. Idd ilipita vizuri, tulichinja mbuzi wawili. Ikra alivaa gauni la kijani alilonunuliwa na Umulkheir.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Wewe ni dada yangu lakini ahadi ni ahadi. Mimi nimezimaliza thelathini, wewe umeanguka katikati. Udhuru ni udhuru wa saumu, si udhuru wa sigara. Hakuna kitabu kinachosema mwanamke asiyefunga aende akavute.

Na huyo nesi wako wa kalenda amekupa mlango wa kutorokea. Mwanamke akiambiwa ni mwili, hatajitahidi tena.

Anza upya. Thelathini mfululizo, bila kukatika. Mpaka hapo mtoto yuko hapa na amezoea.

Barua hii imechelewa kwa sababu ya shughuli. Mambo ya nyumbani kwangu ni sawa, usiwe na haja ya kuuliza.

Guled


Isiolo, 19 Aprili 2025

Guled,

Waaleikum salaam. Wote wazima. Wale pacha wa Habsa wameota mashavu.

Sasa nisikilize, na ukiona aibu geuza uso, lakini soma mpaka mwisho. Nimechoka kuandika "udhuru" kana kwamba nilikuwa msafiri. Ilikuwa hedhi. Hedhi, Guled! Mama yako alipata, mke wako anapata, na wewe umetoka humo humo.

Sista Gaceri alinieleza hivi. Mwanamke ana homoni mbili kubwa, estrojeni na progesteroni. Hupanda na kushuka kila mwezi. Wako watafiti walioona kwamba mwanamke akiacha sigara siku zile za hedhi na zinazofuata, wakati progesteroni iko chini, hurudi kuvuta haraka kuliko akiacha kwenye nusu ya pili ya mwezi wake. Wengine wameona tofauti. Sista hakunificha hilo, alisema wenyewe bado wanabishana. Akasema, wewe weka alama kwenye kalenda, uone mwili wako unasema nini. Nimeweka. Wangu unakubaliana na wale wa kwanza. Hilo si mlango wa kutorokea. Ni kujua shimo liko wapi kabla hujaingiza guu.

Nimechagua tarehe ishirini na sita mwezi huu. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza. Utahesabu na mimi nitahesabu.

Na usidhani ninyi hamna homoni. Kikundini kuna wanaume wanne. Wanamvizia Sista pembeni wamwulize kwa sauti ya chini kama ni kweli mwanaume akiacha sigara nguvu za kiume zinaisha. Wazee wazima! Murithi, fundi wa baiskeli, alimwuliza mbele yetu sote, tukacheka mpaka machozi. Aliyejibiwa alijibiwa vizuri, lakini wewe umeacha bila shida, huna haja ya jibu.

Inhela mpya anayo Roba. Ina mipulizo mia mbili. Kila nikipiga simu Umulkheir ananiambia mtoto yuko madrasa. Madrasa gani hiyo isiyo na mapumziko?

Saadia, mwenye hedhi


Merti, 2 Juni 2025

Saadia,

Salaam. Barabara ilikatika kwa mvua, lori lilikwama wiki mbili, ndiyo sababu ya kimya. Sasa majani yamestawi na mbuzi wamenenepa.

Usiniandikie tena mambo ya wanaume. Huna haya. Mambo ya kucheka na mafundi wa baiskeli si ya kumwandikia kaka yako, na sijui kwa nini uliyaandika.

Ikra yuko sawa, anakohoa, ni vumbi na baridi ya mvua. Mpe Roba inhela nyingine, hii imekwisha. Pia ameandika barua yake mwenyewe, imo humu ndani, nimemwambia asitumie kalamu yangu nzuri lakini ameitumia.

Guled


Isiolo, 9 Juni 2025

Guled,

Asalaam aleikum. Leo ni siku ya arobaini na tano. Hujaniuliza, kwa hiyo nakwambia mwenyewe. Siku thelathini zako nilizimaliza Mei na hukusema neno. Hedhi imekuja ikaenda, nimebaki wima. Nikiwa bandani nafunga kitambaa puani, natafuna iliki, nafukiza mitungi, natoka.

Kuna jambo moja sikulitarajia. Pua imerudi. Nilikuwa nimesahau dunia ina harufu. Sasa nikinusa maziwa najua ya ngamia aliyekula chumvi. Nanusa mvua kabla ya wingu.

Barua ya Ikra niliifungua nikaileta usoni, nilitaka harufu ya nywele zake. Nikanusa sigara.

Nikanusa na yako. Sigara. Nikanusa bahasha. Sigara. Mimi si mtu wa kudanganywa kuhusu moshi, Guled, nimeishi ndani yake. Moshi wa mgunga ni mtamu, unashika kooni kwa chini. Ule uliokuwa kwenye karatasi ya mtoto wangu ulikuwa ule ule niliouficha chini ya mtungi.

Halafu inhela. Mipulizo mia mbili kwa wiki sita! Kwangu, mvuta sigara, laana ya ukoo, ilikuwa ikimaliza miezi sita.

Nani anavuta katika nyumba yako? Ikra analala wapi? Jibu hayo mawili tu. Usinipe habari za mbuzi.

Roba akirudi wiki ijayo arudi na mtoto.

Saadia


Merti, 30 Juni 2025

Dada yangu Saadia,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naandika hii nikiwa ndani ya lori, peke yangu. Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Ni mimi. Nilirudi kuvuta siku ya nne ya Idd.
Siku thelathini nilizimaliza kweli, hilo si uongo.
Lakini nikasikia mwili umebadilika, hamu ya kula
imezidi, hasira, usingizi hauji. Halafu Dabaso
wa pale gereji akaniambia, mwanaume
akiacha sigara ghafla damu yake inapoa.
Nikacheka. Kisha ikatokea.
Umulkheir ana miaka ishirini na mbili, Saadia.
Wiki nzima nililala kando yake kama gogo, unyumba ukanishinda, naye
hakusema kitu, na kutosema kwake ndiko kulinimaliza.
Nikawasha moja. Nikaona kama nguvu zimerudi. Basi.

Sikutaka anione, nimejisifu kwake na kwa baba yake kwamba nimeacha. Nikawa navutia stoo ya magunia, mlango umefungwa. Ikra analala chumba cha pili yake, ukuta ni wa mbao. Nilidhani mbao zinazuia.

Tarehe ishirini na tatu alibanwa asubuhi kabla ya shule. Inhela haikufua dafu. Kituo cha afya walimwekea oksijeni mpaka alasiri. Alipona, wallahi alipona, alikunywa uji. Sikukupigia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Lakini mtu alimpigia Abdinajib, akaja kutoka Garissa na Mzee Abdisalan, mzee wa ukoo wa huko kwenu Wabera. Wakakaa nyumbani kwangu. Mkwe wangu, Mzee Sharamo, alikuwepo. Wakaniuliza: kifua cha mtoto huyu kimeharibiwa na nini?

Nilitaka kusema. Nilimwona mkwe wangu ananitazama. Nikasema: mama yake anavuta kwa siri, ndiyo maana nilimchukua.

Wakasema mtoto aende kwa baba yake. Wameondoka Jumamosi.

Nisamehe. Hii ichome kabla hujanawa mikono.

Guled


Isiolo, 14 Julai 2025

Guled,

Waaleikum salaam. Nakujibu salamu kwa sababu ni wajibu. Zaidi ya hapo sina.

Kwa hiyo walipita hapa. Mzee Abdisalan alitoka nyumba yake, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, akamfuata mtoto wangu mpaka Merti, akarudi naye kupitia Isiolo, na gari halikusimama. Ikra alikuwa ndani ya gari akipita barabara ya soko letu. Sijui kama aliniona nikiuza maziwa.

Ulishikwa na aibu ya kitandani, ukamlipa mkwe wako kwa mtoto wangu. Lile jibu ambalo hukutaka, nakupa sasa. Sista Gaceri alimwambia Murithi hivi: homoni ya kiume, testosteroni, vipimo vingine huikuta juu kidogo kwa wanaovuta, na ndipo uvumi unapoota mizizi. Lakini nguvu ya mwanaume hupita kwenye mishipa ya damu, na sigara ndiyo huibana mishipa hiyo. Anayeacha huweza kuyumba majuma machache, kwa wasiwasi, kwa kukosa usingizi, kisha mwili hujirekebisha. Majuma machache, Guled! Ulitakiwa kuuliza tu. Ungeniuliza hata mimi, ningekwambia, tungeona aibu siku mbili halafu tungesahau. Wewe ukasema sina haya.

Mimi nilikuandikia hedhi yangu kwa kalamu ili nimpate mwanangu. Wewe ulificha yako mpaka akawekewa oksijeni.

Ninachotaka ni kimoja. Ijumaa ya tarehe nane Agosti, baada ya swala, naenda kwa Mzee Abdisalan. Njoo. Useme maneno mawili: mimi ninavuta. Sababu usiseme, sababu ni yako. Siku ya leo ni ya themanini, nesi yuko tayari kunishuhudia, lakini nesi si wa ukoo na wanamwita mtu wa nje.

Barua yako sikuichoma.

Saadia


Merti, 5 Agosti 2025

Abaayo mpendwa,

Asalaam aleikum, na salamu za heshima kwa wote wanaoniuliza. Huku neema imetushukia. Umulkheir ni mjamzito, miezi miwili. Mzee Sharamo amefurahi amechinja.

Nimeacha tena sigara. Harufu inamtapisha Umulkheir, na daktari amesema moshi si mzuri kwa mimba. Safari hii nimeacha kweli.

Lile la wazee, nimelifikiria sana. Sasa hivi nikisema, nyumba yangu itavunjika na mtoto yuko tumboni. Tumwachie Mungu. Ikra yuko kwa baba yake, si kwa mtu baki. Ile barua tafadhali ichome.

Roba anakuletea debe la samli.

Nduguyo, Guled


Isiolo, 17 Agosti 2025

Guled,

Asalaam aleikum. Samli nimeirudisha na Roba, usimlaumu, alikataa nikamlazimisha. Barua yako niliinusa. Ni kweli, umeacha. Hongera. Kumbe unaweza, mtoto akiwa wako.

Nilikwenda Ijumaa ile. Walikuwa wazee watano na mkeka. Mzee Abdisalan akaniuliza, ulivuta? Nikasema nilivuta. Unavuta? Nikasema sivuti, leo ni siku ya mia moja na tano. Akauliza nani anajua. Nikatoa barua yako.

Nikaisoma kwa sauti. "Ni mimi. Nilirudi kuvuta siku ya nne ya Idd." Nikasoma siku thelathini, nikasoma hasira na usingizi. Nilipofika kwa Dabaso nikasita. Pale mbele kulikuwa na wanaume watano wenye ndevu nyeupe, na wewe ni kaka yangu, ulinifundisha kufunga kamba za viatu. Nikaweka kidole gumba juu ya mistari ile, nikaruka, nikaendelea na stoo ya magunia.

Mzee Abdisalan si mjinga. Akanisimamisha. Akasema, mwanaume aliyeshinda Ramadhani nzima harudi nyuma Idd bila sababu, na sababu sijaisikia. Akasema, nipe barua niisome mwenyewe. Sikumpa. Kidole kilikuwa kimeganda. Mmoja akasema barua mtu anaweza kujiandikia. Wakaamua Ikra abaki Garissa, na mimi nimshukuru Mungu kwamba hawatatangaza.

Nimekusitiri, Guled. Nimekusitiri kwa bei ya mtoto wangu, kosa lile lile uliloanza wewe. Sisi wawili tumelelewa na mama mmoja, tukafundishwa kwamba mwili hausemwi. Ukimya huo umemla Ikra mara mbili.

Jana amenipigia kwa simu ya shangazi yake. Sauti inakwaruza. Nikamwuliza unalala vizuri? Akasema, ndiyo hooyo, lakini baba akivuta sebuleni nakohoa, kwa hiyo naenda kukaa jikoni. Anavuta, Guled. Abdinajib anavuta, pakiti nzima kwa siku, na amekuwa akivuta tangu nimjue. Wazee watano, mkeka mzima, masaa mawili waliniuliza mimi kuhusu moshi. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye. Mimi mwenyewe niliyeishi naye miaka sita sikukumbuka kuuliza. Nilikuwa nimezoea, kama wao.

Jumatatu tarehe ishirini na tano naenda kwa Kadhi. Sista Gaceri anafunga zahanati nusu siku ili aje. Kalenda yangu ninayo, alama zote ziko juu, hedhi na isiyo hedhi, atakayetaka aangalie. Inhela mbili tupu alizonirudishia Roba ninazo. Na barua yako ninayo. Mwambie Umulkheir mapema, asiyasikie kwa watu.

Safari hii sitaruka hata mstari.

Saadia